Mama Funguo Afungiwa Nje

Sehemu ya saba: Nukta mbili

Barua zenu nimezipata. Msomaji mmoja ananilaumu kwamba wiki nzima amelala na kiti nyuma ya mlango kwa sababu yangu. Pole, ndugu yangu. Leo ongeza na meza.

Maana ufunguo bado uko pale pale tulipouacha, juu ya kaunta ya Mama Funguo, na askari bado ameunyooshea kidole.

"Mama, alama hii ya nani?"

Mama Funguo hakuhitaji miwani. Nukta mbili, moja juu ya nyingine, zimegongwa kwa ncha ya msumari karibu na tundu. Kila ufunguo aliouchonga tangu afiwe na mumewe, miaka miwili sasa, ulikuwa na nukta hizo. Watu walizionesha kwa majigambo.

"Yangu," akasema.

"Na huyu unamjua?"

Askari akasogea pembeni. Nyuma yake alisimama Mwalimu, yule mstaafu wa nyumba ya kona, kofia mkononi. Jana mchana Mwalimu alikwenda kliniki kupima presha. Aliporudi alikuta kitasa kizima, madirisha mazima, mlango umefungwa kama alivyouacha. Lakini sanduku la chini ya kitanda lilikuwa wazi, na hati ya nyumba yake haimo. Mwizi aliangusha kitu kimoja tu, kwenye zulia la mlangoni. Ndio huo ufunguo.

"Mama Funguo," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "wewe ulinichongea mmoja. Huu hapa shingoni. Huo wa pili nani alikuagiza?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi umejichonga wenyewe," askari akadakia. "Nitarudi saa kumi. Ukiwa na jina, utanipa jina. Usipokuwa nalo, nitaandika lako."

Wakatoka. Mwalimu alipofika mlangoni aliitupia jicho rafu ya chini ya kaunta, ulipokuwa ubao wa drafti wa marehemu, umejaa vumbi. Akavaa kofia yake akaenda.

Kwa yule aliyeuchapa usingizi wiki zote sita, nasema mara moja wala sirudii.

Mteja wa Mama Funguo hana haja ya kutoka nyumbani. Anaulaza ufunguo wake juu ya karatasi, anaweka rula pembeni, anapiga picha, anamtumia kwenye ukurasa wake mtandaoni pamoja na maelekezo ya nyumba. Mama Funguo anachonga kwa kuitazama picha, kisha anapeleka. Miaka sita sasa. Picha mia nne na ushee, kila picha na mlango wake.

Alhamisi iliyopita asubuhi, ukurasa ukamwuliza neno la siri. Akaliandika. Likakataliwa. Akaliandika tena taratibu, huku akilitamka. Likakataliwa tena. Mganga hajigangi: mwanamke anayefungua milango ya watu kafungiwa nje ya wake! Mtaa ulicheka, na yeye akacheka nao, ingawa kazi zilisimama siku ileile, maana hakuwa na namba ya simu ya mteja hata mmoja. Wote walikuwa mle ndani.

Leo hakucheka. Aliyekuwa mle ndani alikuwa na funguo za mtaa mzima.

Marehemu mumewe hakuupenda upuuzi huo mpaka anakufa. Yeye hakuandika anwani ya mtu popote. Kila ufunguo aliufunga uzi: rangi ya uzi ilikuwa mtaa, idadi ya mafundo ilikuwa mlango. Ufunguo ukidondoka njiani, aliyeuokota kaokota chuma tu. Waliojua kuzisoma nyuzi zile walikuwa watatu: yeye, mkewe, na binti yao wa pekee aliyekulia chini ya meza ya kazi. Ukurasa ulipokuja, Mama Funguo akaona nyuzi ni mambo ya kizamani. Kumbukumbu zote akaukabidhi ukurasa.

Haya. Tumeelewana? Tuingie dukani.

Alirudishia mlango nusu, akauchukua ule ufunguo, akauweka chini ya taa akautazama kwa lenzi.

Kisu cha mashine yake kina pengo dogo tangu mwaka juzi. Kila kikipita kwenye chuma huacha mkwaruzo mwembamba, na yeye huupiga tupa mpaka ufutike, asije mteja akamwona mchafu wa kazi. Kwenye ufunguo huu mkwaruzo ulikuwapo. Tupa haikupita.

Akakaa kwenye kigoda.

Ufunguo ulichongwa humu humu, kwenye mashine hii, na mkono usio wake.

Nani anaingia humu? Yeye. Binti yake, Jumamosi, anapokuja kuipaka mashine mafuta na kufagia vumbi la shaba, halafu anamfungia duka ili mama apumzike. Na ufunguo wa akiba, ikitokea hatari ya moto, uko kwa wifi yake, dada wa marehemu, anayeuza nyuzi, vifungo na zipu upande wa pili wa ukuta huu wa mbao, ambako binti huingia atakavyo kumpangia rafu.

Wifi! Wifi mwenye mdomo. Wifi aliyesema siku ya arobaini, mbele za watu, kwamba duka hili lilikuwa la kaka yake. Mama Funguo aliutazama ule ukuta, na kwa mara ya kwanza akajiuliza mbao zile zinapitisha maneno mangapi.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Mama, nasikia askari kaja hapo. Uko salama?"

"Nani kakwambia?"

"Shangazi. Mama, nikikwambia kitu hutakasirika?"

"Sema."

"Mume wangu siku hizi anaificha simu. Nikiingia chumbani anaigeuza kifudifudi. Na unakumbuka nani alikufungulia ule ukurasa."

"Nakumbuka."

"Mimi sisemi kama ni yeye."

"Wala hujasema."

"Anakuja huko sasa hivi kukusaidia. Tafadhali usimwambie nimekwambia."

Simu ikakatwa, na mlango ukagongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita."

Mkwe wake ni muuza rangi. Viatu vyake havikosi tone jeupe, na kucha zake hazitakati hata siku ya sherehe. Miaka tisa ya ukwe hajamaliza sentensi mbele ya Mama Funguo bila kutazama chini. Siku zote Mama Funguo aliiita adabu. Leo alitafuta jina jingine.

Kijana akatoa mfukoni funguo zake akaziweka kaunta ili akae vizuri. Zilikuwa zimefungwa uzi wa manjano wenye mafundo matatu. Mtaa wao, mlango wao. Moyo wa Mama Funguo ukalainika kidogo: binti hajausahau mkono wa baba yake.

"Nani kakufungia?" akauliza, japo alijua.

"Mke wangu. Anasema ni pambo." Akafungua simu yake. "Mama, jikaze. Kuna kitu kimewekwa asubuhi hii."

Picha ya Mama Funguo mwenyewe ilikuwa pale juu ya ukurasa wake, amejitanda kitambaa cha samawati, anacheka. Na chini ya picha, maneno ambayo hakuyaandika:

"Wanangu, hamjambo? Kuna wezi wanazunguka na funguo za zamani. Badilisheni vitasa leo leo. Kisha nitumieni picha ya ufunguo mpya, rula pembeni, na saa ambazo hamko nyumbani, nije kukagua bila kuwasumbua. Mlango ni mdomo wa nyumba."

Mlango ni mdomo wa nyumba! Maneno hayo ni yake. Hufunga nayo kila tangazo. Na yeye ndiye anayewaita wateja wanangu.

"Huyu mtu ananijua," akasema.

"Anakujua, mama." Mkwe alisema hivyo akiwa ametazama chini.

Chini kabisa wateja walikuwa wamejaa tele. "Ubarikiwe mama yetu." "Nimekutumia inboksi, mama, mimi sipo kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja." "Mungu akuweke, unatujali."

"Andika!" Mama Funguo akafoka. "Waambie si mimi!"

Mkwe akaandika kwa jina lake: Huyu si Mama Funguo. Akaunti imeibiwa. Msitume chochote.

Majibu hayakuchukua dakika.

"Tapeli wewe."

"Mama Funguo wetu tunamjua. Wivu utakuua."

"Muuza rangi na funguo wapi na wapi?"

Halafu yule wa uongo mwenyewe akaingia: "Asanteni wanangu kwa kunitetea." Na hapo hapo ukurasa ukatoweka kwenye simu ya mkwe. Kafungiwa na yeye.

Mama Funguo alikuwa ameyaona majina ya waliotukana. Nusu yao aliwahi kuwafungulia milango wakiwa nje na mvua inawanyeshea. Alitaka kulia, akakasirika badala yake.

"Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Nyumba mia nne, mama? Na utawaambia nini?"

Jibu alilijua. Atawaambia kwamba funguo zenu zote ziko mikononi mwa mwizi, na aliyezikusanya mahali pamoja ni mimi. Baada ya hapo nani atampa tena ufunguo? Kazi ya mumewe, jina la mumewe, vyote vitazikwa leo.

"Tukiingia kabla ya saa kumi," mkwe akasema, "tunafuta picha zote, na tunawaonya wote kwa pamoja kwa sauti yako mwenyewe."

"Paswedi uliichagua wewe."

"Siku ileile nilikwambia uibadilishe."

"Sikuibadilisha."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Mama, kila ukiisahau ulikuwa unanipigia mimi."

Jibu lilikuwa zuri. Zuri mno, akaona yeye. Mwenye shaka haridhishwi na jibu baya wala zuri.

Simu ya mkwe ikatetemeka. Upesi kijana akaigeuza kifudifudi.

Hivi hivi alivyosema binti!

"Igeuze," Mama Funguo akasema.

"Ni ya kazini, mama."

"Nimesema igeuze."

Akaigeuza. Ujumbe ulikuwa mfupi: duka la rangi linafungwa mwisho wa mwezi, aende akachukue barua yake ya kuachishwa.

"Nimejua tangu wiki mbili zilizopita," akasema, macho kwenye viatu. "Mama, nakuomba usimwambie mke wangu. Bado natafuta maneno."

Asubuhi moja, nyumba moja, siri mbili! Mke anasema usimwambie mume, mume anasema usimwambie mke, na katikati yupo mama mzazi kama kabati la vyombo. Alimwonea huruma. Na palepale, huruma haijapoa, shaka ikapenya: mtu aliyeachishwa kazi hashindwi kuitamani hati ya nyumba ya mzee wa watu.

"Endelea," akamwambia. "Tafuta njia ya kuingia."

Zikapita saa za kujaribu paswedi hii na ile. Mwisho mkwe akabonyeza pale palipoandikwa umesahau neno la siri. Kioo kikajibu: tumetuma tarakimu sita kwenye namba inayoishia na 47.

Mkono wa Mama Funguo ukamwenda kifuani.

"Hiyo ni laini ya marehemu."

"Ndiyo tuliyofungulia, mama. Wakati ule simu yako ilikuwa ya tochi."

Simu ya marehemu! Baada ya msiba aliitafuta wiki nzima, akapekua mpaka kwenye magunia ya vyuma. Akamwachia Mungu. Lakini chumba kile baada ya mazishi alikisafisha nani? Nguo za marehemu alizibeba nani?

Alipiga ukuta wa mbao ngumi tatu.

"Wifi! Njoo mara moja."

Wifi akaja, futi ya kupimia shingoni, mdomo umeshatangulia.

"Kulikoni, wifi? Mnagonga ukuta kana kwamba una deni lenu?"

"Simu ya kaka yako uliichukua?"

"Mimi?" Akajishika kiuno. "Miaka miwili kaka yangu yuko kaburini, leo ndiyo unaniuliza simu?"

"Ndiyo nauliza."

"Nilichukua shati moja na redio. Redio yenyewe haitoi sauti hata ya mbu. Simu sijaitia machoni."

"Na ufunguo wangu wa akiba?"

"Uko msumarini, pale pale ulipouacha. Unataka kunipekua, wifi? Nipekue! Nipekue hapa mbele ya mkwe wako, tuone ataona haya nani."

Mkwe alikuwa amekwisha kugeukia ukuta.

"Sijasema nakupekua," Mama Funguo akasema.

"Macho yako yamesema. Akutukanaye hakuchagulii tusi." Sauti ikamkatika ghafla, na kwa kitambo kidogo akaonekana mzee. "Nafunga duka langu. Ukimpata mwizi wako, nitumie salamu."

Walimsikia akivuta mlango wa bati, wakasikia kufuli, wakasikia kandambili zikienda kwa hasira hadi zikapotea. Saa ya ukutani ilionesha saa kumi kasoro dakika nane.

"Umeona?" Mama Funguo akanong'ona. "Asiye na hatia angekaa."

"Au asiye na hatia angeondoka, mama." Mkwe akagusa ile 47 kiooni. "Tuipige hiyo namba."

"Namba ya maiti?"

"Tarakimu zimekwenda mahali, mama. Haziendi kaburini."

Mama Funguo akachukua simu yake mwenyewe. Jina lilikuwa bado lipo: Baba Funguo. Miaka miwili hakuwahi kulibonyeza, kwa kuogopa sauti ya yule dada wa kampuni atakayemwambia kwamba namba hii haipatikani. Alibonyeza sasa, macho kayafumba.

Ikaita.

Ikaita sikioni mwake. Na ikaita pengine pia.

Kring, kring. Kring, kring. Kengele ya baiskeli. Ule mlio aliouchagua marehemu mwenyewe, akacheka nao siku nzima kama mtoto. Ulikuwa unatoka nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye duka la wifi lililofungwa, lisilo na mtu.

"Mama," mkwe akasema.

"Nasikia."

"Nasi tunasikia," sauti ikajibu kutoka mlangoni. Askari alikuwa amewahi, na Mwalimu nyuma yake. "Hilo kufuli, Mama Funguo, linakushinda?"

Sasa sikilizeni. Katika kazi hii kuna sheria moja, na mumewe alimfundisha kabla hajamwonesha hata kushika tupa: mlango wa mtu haufunguliwi bila mwenyewe, na mwenyewe asipokuwapo, ni mashahidi wawili waliosimama wima. Aliwatazama askari na Mwalimu. Wawili. Wima.

"Halinishindi," akasema.

Kufuli la wifi lilimchukua muda wa kuhesabu mpaka kumi na moja.

Ndani mlinukia vitambaa vipya. Maboksi ya vifungo, mikungu ya zipu, koni za nyuzi zimepangwa mpaka darini. Mkwe aliifuata kengele mpaka rafu ya chini, akazisogeza koni. Simu ya marehemu ilikuwa pale, kwenye chaja, kioo kinawaka. Na nyuma yake ulikuwapo ubao mdogo wa misumari, na misumarini zinaning'inia funguo mpya zinazong'aa, zaidi ya ishirini, kila mmoja umefungwa uzi wake.

"Haya," askari akasema kwa kuridhika. "Jina la wifi yako nani?"

Mama Funguo alitaka kulitaja. Ulimi ulikuwa tayari, na naapa kwamba alifurahi. Ah, wifi! Nilijua tu!

Kisha macho yake yakaanza kusoma.

Uzi mwekundu, mafundo mawili: nyumba ya mkunga. Kijani, mafundo manne: yule fundi viatu wa ghorofani. Kahawia, mafundo matano: Mwalimu, msumari ulikuwa na uzi tu, ufunguo wake ndio ulioangushwa. Hazikuwa nyuzi za mapambo. Zilikuwa zinasomeka.

Na wifi, kwa miaka yake thelathini ya kuuza nyuzi, hakujua kusoma hata moja. Marehemu alimficha dada yake makusudi, kwa ajili ya ule mdomo. Walikuwa watatu tu. Mmoja yuko kaburini, mmoja amesimama hapa.

Msumari wa mwisho ulikuwa na uzi mweupe, fundo moja.

Huo ulikuwa mlango wake mwenyewe. Kitasa alikibadilisha Jumapili, kwa woga. Ufunguo wake haujawahi kupigwa picha wala kutumwa popote. Ziko nakala mbili tu duniani: moja iko kifuani mwake, na ya pili aliiweka Jumapili ileile kwenye kiganja cha binti yake, akakikunja kiganja kile kwa mikono yake miwili, akamwambia usimpe mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakumwambia kwamba kinaweza kuwa kimetoka tumboni mwako.

Akajishika kwenye rafu. Mbona asubuhi binti alikuwa mwepesi hivyo kumchongea mumewe? Mimi sisemi kama ni yeye. Mwanangu, mwanangu!

Akageuka, akamwona mkwe wake. Kijana hakuwa anautazama ubao. Alikuwa anazitazama funguo zake mwenyewe, mkononi, na uzi wa manjano wenye mafundo matatu.

Askari naye akauona.

"Wewe! Na wewe una uzi. Nani kakufungia?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, mkwe akamtazama Mama Funguo machoni. Hakuwa anauliza. Alikuwa anaaga.

"Nimejifungia mwenyewe," akasema. "Na hizo pia. Ni mimi, afande."

"Ni wewe nini?"

"Ukurasa, funguo, nyumba ya Mwalimu. Nimeachishwa kazi. Barua ipo kwenye simu hii, soma."

Lakini askari yule, msimdharau kwa sababu ya kitambi, hakuwa mjinga. Alichomoa ufunguo wa mwisho msumarini, akamning'inizia kijana mbele ya pua.

"Uzi ulifunga wewe, basi kuusoma unaweza. Huu ni mlango wa nani?"

Uzi mweupe. Fundo moja. Kijana akaukodolea macho.

"Wa Mwalimu," akasema.

"Mama Funguo." Askari hakumwondolea macho mkwe. "Mwenye ufundi ni wewe. Kasoma sawa?"

Neno moja tu lilitakiwa. Akisema hapana, mkwe ni mwongo, na ataulizwa palepale: basi nani anajua? Akisema ndiyo, mtu aliyemshuku tangu asubuhi kwa sababu ya kutazama chini atakwenda kulala sakafu ya polisi, na hana kosa, na yeye anajua kwamba hana. Alimkumbuka binti yake wa miaka sita chini ya meza ya kazi, akifunga fundo lake la kwanza, ulimi umetoka nje kwa kujitahidi.

"Kasoma sawa," akasema.

Aibu ikampanda kutoka miguuni. Hajawahi kusema uongo juu ya ufunguo maisha yake yote.

Pingu zikalia. Mkwe alinyoosha mikono mwenyewe. Alitazama chini tena, kwa adabu ileile.

"Ngoja kidogo, afande," Mwalimu akasema.

Akavaa miwani yake, akaupokea ule ufunguo kutoka mkononi mwa askari, akaupitisha uzi mweupe katikati ya vidole viwili, taratibu, mpaka vikafika kwenye fundo.

"Mama Funguo," akasema kwa huzuni, "mimi na mumeo tumecheza drafti kwenye kaunta yako miaka ishirini na miwili. Ulidhani muda wote huo tulikuwa tunazungumza nini?"

Akamshika mkono, akamfungua kiganja, akauweka ufunguo ndani yake.

"Nyeupe, fundo moja. Huu si mlango wangu. Huu ni wako. Sasa mwambie afande ni nani mwingine anayejua kusoma."